Sauti Yangu Ilirushwa Redioni, Rozi Akachukuliwa

Miye ni mtu mzima, wasomaji wenzangu. Miaka sabini naiona ile pale mbele, inanipungia mkono. Nawaita wenzangu lakini ukweli miye husomewa, shule sijui hata mlango wake ulikuwa na rangi gani. Haya naongea tu, jirani yangu ananiandikia, na nimemwambia asinisafishie maneno. Akinisafishia nitamsikia.

Naitwa Bi Mize. Kwetu Unguja, lakini Dubai nimezeekea. Marehemu mume wangu alikuwa mchukuzi kule Al Ras, anasukuma magunia ya hiliki na mdalasini mpaka jasho lake likawa linanukia pilau. Alipokufa nikabaki na sufuria zangu hapa Naif, Deira, chumba na jiko juu ya duka la masanduku. Napika maandazi, chapati, maharage ya nazi. Wanakula kwangu walinzi wa Kiganda, wadada wa kazi wa Kikenya, na wale wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokuja kufunga mizigo.

Lakini watu hawanijui kwa chapati. Wananijua kwa kuigiza!

Huo ndio ugonjwa wangu. Nikimsikia mtu mara moja, nishambeba. Mlinzi wa Kiganda nitakufanyia: "Nyabo, mimi iko na njaa mingi, leta chapati, banange!" Mkenya nitakufanyia: "Mathe, hii chapo imeweza, niongezee supu kiasi." Hata mwenye duka la chini namfanya: "Mama, lifti kharabu, panda ngazi, mazoezi mazuri!" Watu wanacheka mpaka chai inawatoka puani. Nani angedhani kicheko kitakuja kututoa machozi?

Sasa nikwambieni kuhusu Hamidu.

Hamidu ni mtoto wa mdogo wangu. Mama yake alifariki yeye hajaota meno ya mbele mapya, nikamlea kwa kutuma pesa na kwa kupiga simu, alipokua nikamvuta huku. Akapata kazi ya ulinzi, mlango wa jengo moja Al Muraqqabat. Kofia kubwa kuliko kichwa! Lakini sauti... loh! Mtoto yule Mungu alimpa sauti kama uji wa moto uliotiwa samli. Akikwambia "karibu" tu, unataka kuhamia.

Na alikuwa na wazimu wa muziki wa soul. Ile miziki ya zamani ya Wamarekani weusi, mwanamme mzima anabembeleza na kulia mpaka unadhani kapoteza pasipoti. Miye nilikuwa namchokoza, "Huyu anayelia hivi kafiwa na nani?" Ananijibu, "Mama mkubwa, hiyo ndiyo roho, sikiliza roho."

Akaanza kupiga muziki kwenye kihoteli kidogo, siku zake za mapumziko. Akasifiwa. Kisha bwana mmoja akafungua redio ya kwenye simu, ile unabonyeza unasikia popote, wakampa Hamidu kipindi cha Jumapili alasiri. Akakiita Roho Taratibu. Na yeye akajiita DJ Hamu.

Wallahi kipindi kile kilikuwa dawa! Anapiga wimbo wa soul, anaongea taratibu, kisha anafungua simu za salamu. Nanyi mnajua salamu za redioni zina desturi yake: utataja jina, na utataja mtu yupo wapi. Salamu bila mahali haijafika. "Namsalimu Akinyi, yuko Karama, nyumba ya madam mwenye mapacha." "Namsalimu Mugisha, mlinzi wa geti la nyuma, pale pale Deira." Mtu yuko jikoni kwa watu, hana wa kumwita jina, ghafla anasikia jina lake redioni! Analia, anafuta machozi kwa aproni, anaendelea na vyombo.

Nilijivuna. Kwa nini nisijivune? Mwanangu yule!

Basi ilikuwa karibu na Eid, akaja Rozi.

Aliletwa na mlinzi mmoja mteja wangu, alimkuta kajibanza nyuma ya msikiti. Msichana wa Kitale, Kenya. Mwembamba kama mwiko. Kavaa dera la nyumbani na miguu mitupu, mkononi hana hata mfuko. Hamidu alikuwa amekaa mezani kwangu anakula, na kwa macho yake aliona jinsi alivyoingia. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililokuja kuniua.

Rozi alikuwa katoroka kwa madam wake. Analala chumba cha kufulia, simu kanyang'anywa, siku ya kupumzika hakuna, na kofi lilikuwa kama salamu ya asubuhi. Nyumbani kaacha mama mgonjwa, na mama huyo mgonjwa ndiye anayemlelea binti yake mdogo. Kila alichokitaka ni kumkuta mama yake hai.

Tukampigia mtu wa ubalozi wao. Akasema sikukuu imeingia, ofisi zote zimefungwa, mkae naye mpaka zifunguliwe, mumlete, mambo yake yatanyooshwa aende kwao kwa heshima. Lakini asikamatwe kabla! Akikamatwa kabla, atahesabiwa mtoro tu, na neno lake halitakuwa na uzito.

Kwa hiyo kazi ilikuwa moja. Rozi asionekane, asisikike, mpaka sikukuu ipite.

Kumficha mtu huku ni kosa, nalijua. Lakini mtoto wa mwenzio amesimama mlangoni miguu inamtoka damu, utamwambia nini? Nikampa ndala zangu, nikampa kanga, nikamwambia keti. Hamidu nikamwapisha. Akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba hatamwambia mtu. Kwa kaburi la mdogo wangu!

Tatizo, Rozi hakuwa akila. Anakaa kwenye pembe ya jiko anatazama mlango. Nikaona huyu nisipomchekesha atanifia. Nikamwuliza, hebu niambie huyo madam wako husemaje? Akanijibu kidogo kidogo, akiniita bibi kwa Kikwao, "Shosho, huongea tu kama wewe. Kiswahili chako hicho hicho."

Kumbe madam ni katika zile familia zilizotoka Unguja zamani, wakahamia Ghuba, lugha wakaiweka sandukuni na karafuu! Hata sikuhitaji kumsikia. Wanawake wale nimekua nao, nawajua wanavyovuta maneno kama ubani. Rozi akanipa maneno, miye nikayavisha sauti. Akanambia madam ana paka anaitwa Lulu. Basi!

Nikasimama, nikashika kiuno, nikaanza. "Lulu, kipenzi cha mama, roho yangu weye, ushakula samaki wako? Alaa! Mbona miba haijatolewa? Rozi! We Rozi! Nani kakwambia ukae? Huoni sakafu inakulilia? Yalla! ... Njoo Lulu, usimwangalie huyo, atakutia baridi."

Rozi alicheka! Alicheka mpaka akaangukia gunia la unga, akatoka mweupe kama mzuka, akacheka tena. Akasema, "Woi shosho, wacha, nitakufa, ni yeye kabisa!" Na siku ile akala. Chapati mbili na maharage.

Hamidu alikuwa kasimama mlangoni, simu mkononi. Nilidhani anaandikiana na wasichana wake. Nilidhani...

Ikafika siku ya pili ya Eid. Kipindi maalumu cha sikukuu, Roho Taratibu. Rozi yuko jikoni anasukuma chapati, miye nakaanga, simu tumeiegemeza kwenye kopo la sukari, tunamsikiliza mtoto wetu. Kapiga wimbo mmoja wa kuliza, kisha akashusha muziki. Akasema kwa ile sauti yake ya samli, "Wapenzi wangu mlio majumbani kwa watu, leo nina zawadi yenu ya Eid. Mama yangu mkubwa ana kipaji. Msikilizeni."

Nikasikia... nikajisikia miye! "Lulu, kipenzi cha mama..."

Yote! Lulu, samaki, sakafu, yalla. Na nyuma yake kicheko cha Rozi, na ile "woi shosho, ni yeye kabisa." Kijana alikuwa ameturekodi. Katika nyumba yangu mwenyewe. Hakuniuliza, wala hakumwuliza yule masikini.

Nikampigia simu, hapokei, yuko hewani. Nikampigia tena. Redioni anacheka tu, ujumbe unamiminika. Watu wanataka irudiwe. Akairudia!

Baadaye aliniambia hakuona ubaya. "Mama mkubwa, mamadam Kiswahili wanakijulia wapi?" Siku zote zile kakaa nasi chumba kimoja, hakumwuliza Rozi hata swali moja la maana. Angeuliza, angejua.

Rozi alikuwa amesimama na kile kijiti cha kusukumia, hasukumi. Nikamwambia mwanangu usiogope, nani atajua, Dubai kubwa hii. Sijamaliza, simu ya salamu ikaingia redioni.

Sauti ya mwanamke. Taratibu. Imevutwa kama ubani.

"Assalaam aleikum mwanangu. Eid mubarak. Nimecheka miye leo, mbavu zaniuma. Kanitumia shoga yangu, kanambia fungua redio hii usikie mambo."

Hamidu akameremeta, unamsikia kabisa anavyomeremeta. Akamwambia karibu mama, Kiswahili chako kitamu, kama cha mama yangu mkubwa!

"Ndiyo huyo nataka kumsalimu," akasema. "Mcheshi huyo. Nataka nimpelekee halwa ya Eid kwa mkono wangu. Yupo wapi?"

Na mwanangu, kwa desturi ya salamu, kwa sifa, kwa utamu wa kusifiwa na mama mwenye sauti ya heshima... akataja. "Huyo ni Bi Mize wa Naif, mama! Juu ya duka la masanduku, ghorofa ya tatu. Ukipotea, fuata harufu ya maandazi!"

Yule mwanamke akasema, "Ahsante, mwanangu. Na huyo aliyekuwa akicheka nyuma... naye nisalimie sana."

Kijiti kikamponyoka Rozi. Alisema neno moja tu, "Ndiye."

Mnajua, katika kuigiza kwangu kote sijawahi kumpata mtu barabara kama nilivyompata yule mwanamke nisiyemwona. Sauti yake na sauti yangu zilikuwa moja. Nilitamani nijing'oe ulimi.

Nikamvisha Rozi baibui langu, tukashuka ngazi. Nia yangu nimfikishe Al Muraqqabat kwa wadada wa Kikenya, wateja wangu. Tumefika chini, barabara imejaa watu wa sikukuu, lakini mlangoni kuna gari na dereva kasimama, anatazama juu. Rozi akanivuta mkono. Dereva wa madam! Sikukuu ile madam alikuwa Deira hii hii, kwa jamaa zake, pua na mdomo na sisi. Tukapanda tena mbio. Magoti yangu haya! Nikamwingiza nyuma ya pazia la stoo, nikakaa kama napepeta mchele.

Hodi haikuchelewa.

Alikuja na halwa kweli, wasomaji wenzangu! Sahani ya halwa, imefunikwa kitambaa safi. Mwanamke mzuri, umri wangu kasoro kidogo, ananukia udi. Akakaa kwenye kiti changu bila ya kukaribishwa. Akaniambia kwa upole, "Haya shoga, nimekuja. Nifanye."

Nikamwambia sikuelewa.

"Redioni ulikuwa hodari. Mashoga zangu wote wamesikia. Hebu nifanye tena, na miye nicheke."

Miye, Bi Mize, nisiyeshindwa na sauti ya kiumbe chochote... nilikuwa bubu. Nilisikia mafuta yakiungua jikoni na sikuweza kunyanyuka.

Akasema, "Basi mwite huyo anayecheka." Na nyuma ya pazia, msichana wa watu akashindwa kujizuia, akalia. Hakuhitaji kutafutwa.

Polisi walikuja baada ya hapo. Madam akasema si utoro tu, amemwibia na bangili za dhahabu. Bangili! Mtoto aliyeingia kwangu miguu mitupu, mikono mitupu, hata ndala alizovaa ni zangu! Alichukuliwa nazo hizo. Aligeuka mara moja tu kwenye ngazi, akaniambia, "Shosho, mwambie mama nakuja."

Miye nilihojiwa, wakaona uzee, wakanionya, wakaniachia. Lakini wakaniuliza swali moja: nani mwingine alimwona msichana huyu siku alipoingia? Nani mwingine anaweza kusema hakuwa na kitu mkononi?

Moyo ukafurahi. Nikasema yupo! Mwanangu alikuwepo, alikuwa anakula mezani!

Nikamfuata Hamidu. Wasomaji wenzangu, nilimpigia magoti. Miye, niliyemlea. Nikamwambia twende, useme ulichokiona tu, usiongeze chumvi. Mjue wakati huo jina lake lilikuwa limepaa. Ile sauti yangu watu walirushiana kwenye simu mpaka Maskati, mpaka Nairobi. Redio kubwa ilikuwa imemwita, mkataba uko mezani, viza mpya, picha anapigwa amevaa miwani ndani ya nyumba.

Mnajua alinijibu nini? Aliniambia, "Mama mkubwa, nikijitia kwenye kesi ya mtu mtoro, viza yangu khalas. Jina langu ndiyo kwanza linapanda. Rozi wataona tu hana hatia, inshallah."

Inshallah! Akauficha woga wake ndani ya jina la Mungu.

Nilirudi peke yangu. Neno la bibi mmoja aliyemficha mtoro, lina kilo ngapi? Na Jumapili ile nikamsikia redioni, kapiga wimbo wa huruma, anawaambia wasikilizaji kwa sauti ya samli, "Tusimameni na wanyonge, wapenzi wangu." Nikaitupa simu kwenye beseni la vyombo.

Rozi alikaa ndani. Miezi. Bangili zilikuja kuonekana kwa sonara, zilipelekwa kuungwa zikasahauliwa! Hakuna aliyemwomba radhi. Wizi ukafutwa, utoro ukabaki, akachukuliwa alama za vidole, akarudishwa kwao, asikanyage tena huku.

Na mama yake? Alishazikwa. Alizikwa Rozi yuko ndani, na watu kijijini walishaambiwa kwamba binti kaiba dhahabu Uarabuni. Mama wa watu alikufa na neno hilo masikioni.

Ya Hamidu nayo mtataka kuyajua. Mwaka haukutimia. Walinzi wa Kiganda walijua yote, na mlinzi akijua, Dubai nzima imejua. Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kumtumia salamu. Jumapili anafungua simu, "Naam, nani yupo na nani anamsalimu nani?" ... kimya. Anapiga wimbo mwingine, anauliza tena... kimya. Mtangazaji wa salamu asiye na salamu! Redio kubwa ikamtoa. Leo amerudi kwenye ulinzi. Huja kwangu, anakaa, namtilia chakula kwa sababu ni damu ya mdogo wangu. Ameomba msamaha mara nyingi. Sijamkatalia na sijampa. Sijui kama nitapata nguvu kabla sijafa.

Hivi karibuni Rozi alinipigia. Nilianza kulia kabla yeye hajasema. Hakuja kunilaumu. Aliuliza jambo moja.

"Shosho, siku ile Hamidu alipoicheza sauti yetu hewani... yeye alijua mimi niko hapo kwako nimejificha?"

Ulimi wangu huu umesema uongo wa kuchekesha maisha yangu yote. Nilitaka niutumie, mara moja tu, kwa huruma. Nikashindwa.

"Alijua, mwanangu."

Nyuma yake nilisikia mtoto anaita "mama, mama," na Rozi hakuitika. Nikamwambia, si mwanao huyo anakuita? Akanijibu polepole, "Hapana shosho. Anaita shangazi yake, aliyemchukua mama alipokufa. Mimi hanijui bado."

Tangu siku hiyo sijamwigiza mtu. Watu wananichokoza, Bi Mize tufanyie Mganda, tufanyie mwenye duka. Nawaambia kuleni chapati zenu.

Nyie vijana mnaotafuta jina, mnaoshika simu mkononi kama tasbihi, nawaombeni kwa Mungu mnayemwamini. Kicheko cha mtu ndani ya nyumba si mali yenu. Ukitaka kukitoa nje, mwulize mwenyewe, na akisema hapana, kife hapo hapo. Na ikiwa umeshakosea, basi usikimbie! Kukosea kwa Hamidu kungesameheka. Kilichommaliza Rozi ni siku ile Hamidu alipotakiwa aseme maneno mawili ya kweli, mwenye sauti nzuri kuliko sisi sote, akanyamaza.

Weye unayesoma hapo, kuna mtu anakungojea ukamsemee? Nenda leo. Mama zao hawangoji ofisi zifunguliwe.